Nilimshtaki Redio kwa Kuongea na Mashine

Jamani, mimi niliwahi kumshtaki binti wa watu kwa meneja kwa kosa la kuongea na mashine.

Tena nilipanda ngazi mwenyewe, na magoti haya yalivyochoka.

Kazi yangu ni kukanda unga kwenye kiwanda cha mikate. Mwaka wa thelathini na moja huu. Nimebakiza mmoja nistaafu, na nilichotaka ni kumaliza salama, basi.

Zamani msimamizi alikuwa anapaza sauti tu, "Mzee, mikate mia mbili ya kawaida!" Nakanda. Yameisha.

Halafu wakaleta mashine mpya yenye skrini. Oda zikawa zinaingia huko kwa maandishi. Na pamoja na mashine wakaniletea binti, mdogo kuliko kitinda mimba wangu.

Tukambatiza Redio, maana hana pa kuzimia.

"Oda ya kwanza, mikate ya kawaida, mia mbili. Haya! Oda ya pili, sukari punguza..."

Kutwa nzima! Anaisomea mashine, mashine imemwomba?

Akimaliza kusoma, anauliza.

"Baba, unajuaje kama unga umekomaa?"

"Bonyeza. Ukirudi polepole, tayari. Ukikung'ang'ania vidole, bado. Sasa nyamaza kidogo, kichwa kinaniuma."

Ananyamaza dakika mbili. Oda ikiingia, kaanza tena.

Nikachoka. Nikamwambia meneja achague, yeye au mimi. Kesho yake Redio akahamishiwa kwenye kufungasha mikate.

Asubuhi hiyo kulikuwa kimya. Nilifurahi kama dakika kumi hivi.

Kisha skrini ikalia, maandishi yakatokea. Nikayatazama. Yakanitazama.

Hapa niseme jambo ambalo hata wanangu hawakulijua. Nilikuwa sijui kusoma. Namba nilizitambua, jina langu nililichora kama picha, mwisho hapo. Ningesema, ningeambiwa kapumzike nyumbani, na mwaka umebaki mmoja.

Nimuulize nani? Wa kuuliza nimemfukuza mwenyewe.

Nikaona mia mbili. Nikakanda ya kawaida.

Saa tano mkaguzi akaonja mkate mmoja, akautema. Ilikuwa oda ya hospitali, ya wagonjwa waliokatazwa chumvi. Mikate yote ikatupwa.

Nikaitwa ofisini. Sijakaa vizuri, Redio huyo akaingia bila kuitwa, kofia ya kazi kichwani.

"Meneja, kosa ni langu."

"Lako vipi? Wewe si uko kufungasha?"

"Niliondoka pale sikumwachia mtu maelekezo. Mashine ile ni ya watu wawili. Mmoja asome, mwingine akande. Hiyo barua ya onyo niandikie mimi."

Nikamtazama. Nimemshtaki, na bado anataka kubeba mzigo wangu! Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Ningeweza kunyamaza. Kunyamaza nilikuwa na uzoefu nako wa miaka thelathini.

"Meneja, mwache binti. Mimi sijui kusoma."

Meneja akaweka kalamu chini. Mwisho akamrudisha Redio kwenye mashine, na mimi akanipa barua ya onyo.

Redio ndiye aliyenisomea. Safari hii kwa sauti ya chini.

"Binti, ulijua lini?"

"Siku ya kwanza, Baba. Nilitaka kukupa barua yangu ya ajira, nikakosea, nikakupa kadi ya kliniki ya mwanangu. Ukaipitia kwa makini, ukaitikia kwa kichwa, ukaniambia karibu kazini."

Nilicheka mpaka machozi yakaja, kisha yakawa machozi kweli. Miezi minne binti anakauka koo kwa ajili yangu, mimi nasikia kelele.

Siku hizi, saa ya chai, ananifundisha herufi. Mimi namfundisha kubonyeza unga. Yeye anashika haraka. Mimi nasahau, tunarudia, nachoka, tunarudia.

Wazee wenzangu, kijana akikukera kazini, muulize kwanza anachokifanya anakifanya kwa nini. Ningeuliza, wagonjwa wale wangekula mkate wao mapema.

Simulizi hii nimeiandika kwa kidole kimoja, wiki tatu. Redio hajaigusa. Mkikuta makosa, safari hii ni yangu.