Sekunde Nane za Shangazi

Nilimwapia shangazi yangu kwa jina la Mungu, nami nikijua ninaapa uongo. Nianze hapo, nisije nikajificha nyuma ya waya na skrubu kama ilivyo desturi yangu.

Mimi ni fundi wa redio Ukunda. Miaka michache iliyopita hoteli moja ya Diani ilinunua kinanda cha kale kutoka nyumba ya Mzungu huko Tiwi, nikaitwa kukifufua. Chini ya kila kibao palikuwa na ukanda wake wa tepu, kama wa kaseti ila mpana zaidi. Ukibonyeza, ukanda unavutwa na sauti iliyorekodiwa inatoka; ukiachia, springi inaurudisha mwanzo. Kila ukanda ni wa sekunde nane. Ukishikilia zaidi, kimya.

Vya kwanza vya aina hiyo vilikuwa vikubwa kama kabati la nguo, na safu mbili za vibao, ya kushoto ikitoa midundo. Kubadilisha tepu zake ilikuwa adhabu. Baadaye mafundi wakavipunguza: safu moja, kanda zote zikaning'inia kwenye fremu inayochomoka. Unatoa fremu ya fidla, unaweka ya filimbi. Kisha vikaja vinanda vya kielektroniki, vikavizika vyote. Hiki kilikuwa cha fremu, nami nilikipenda kuliko kazi yoyote niliyowahi kushika.

Kilikuwa na fremu mbili. Ya fidla ilikuwa inakoroma kwa chumvi ya upepo wa bahari. Ya pili ilikuwa imeoza kwa ukungu, nikaiwekea tepu mpya. Nikamfikiria shangazi wa Kinondo, dada yake baba, ambaye kaswida zake ziliwaliza wanawake katika kila maulidi, nikamwendea na kinasa sauti.

"Sauti tupu tu, shangazi. Aaa, basi."

"Haitapelekwa mahali pabaya, mwanangu?"

"Wallahi, shangazi. Ni ya kujaribia tu, kisha naifuta."

Nilijua fika kinanda ni cha baa ya hoteli, na kwamba sitaifuta. Akaimba noti thelathini na tano, moja moja, mimi nikimhesabia kwa vidole hadi nane. Alichoka, akanywa maji, akaendelea. Jioni hiyo meneja wa hoteli alisikiliza akasema hiyo ndiyo anayoitaka. Ningeweza kurudisha fremu ya fidla kwa dakika tano. Sikuirudisha. Nilivimba kichwa kwa sifa, nikaiacha sauti ya shangazi ikiwaimbia walevi.

Mwaka uliofuata akapasuliwa koo. Alipona, alhamdulillahi, lakini akabaki na mnong'ono. Siku moja akaninong'oneza, "Ile uliyonirekodi, uliifuta kweli? Natamani kujisikia."

Nikasema ipo. Alifurahi mno, akainua mikono kumshukuru Mungu kwamba sikuwa mtiifu. Nilitamani kuichomoa fremu nimpelekee nyumbani, lakini fremu bila kinanda chake ni bubu. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia kwenye mlango wa baa saa nne asubuhi, viti vikiwa juu ya meza, shangazi kavaa buibui lake jipya.

Hakutazama chupa kwanza. Alikaa, akabonyeza kibao kimoja kwa kidole chenye hina. Aaa. Sekunde nane, kimya. Akabonyeza tena kilekile, na sauti ikaanza upya, ya mwanamke mwenye koo zima. Safari ya tatu alifungua mdomo aimbe nayo, hakukutoka kitu. Alilia akicheka. Ndipo akainua macho, akaziona chupa zilivyopangwa rafuni.

"Ni hapa inapoimba?"

"Ni hapa, shangazi."

"Uliniapia."

Akaniambia niitoe. Nikawarudishia fidla zao zinazokoroma, meneja akafoka, nikamwacha afoke. Tulirudi Kinondo kwa tuktuk, fremu mapajani mwetu. Nikamkumbusha kwamba haitaimba tena bila kinanda.

"Ikae kimya," akasema.

Sasa iko juu ya kabati lake, imefungwa kwa leso. Kila Ijumaa naenda kumwamkia. Nasema shikamoo, naye ananiitikia kwa kichwa tu, na mimi sijui kama ni koo linalomzuia au ni mimi.