Miezi Ambayo Mama Aliimba

Chumba chetu pale Soweto, mjini Moshi, kimepakana na uwanja wa magari ya watalii, na mimi ndiye niliyekuwa nayaosha. Alfajiri madereva waliyawasha wakayaacha yangurume huku wao wanakunywa chai, maana mgeni hapendi kusubiri. Moshi wote wa dizeli uliingia dirishani kwetu. Mama ana pumu. Alikuwa ameshaacha kwaya ya usharika, kwa sababu alikuwa hamalizi ubeti bila kukohoa.

Korona ilipoingia, sisi hatukufungiwa ndani kama wenzetu wa nchi nyingine. Ila wageni hawakuja tena, magari yakalala, nami nikakosa kazi. Mjomba alitushushia ndizi kutoka Masama, kule mlimani, tukala mtori wa ndizi usio na nyama asubuhi na jioni. Lakini nikifuta dirisha, kitambaa kilitoka na vumbi jekundu tu, masizi hakuna. Redioni walisema hewa ya miji mikubwa imesafika. Ya Moshi sikusikia aliyeipima. Kipimo changu kilikuwa mama: siku moja alikuwa anachambua maharage, akaimba wimbo mzima, beti zote, mpaka akashtuka mwenyewe.

"Umenisikia?"

"Nimekusikia mama. Hata kuku wamenyamaza."

"Wewe, usinitanie!"

Makanisa hayakufungwa, kwa hiyo Jumapili ile ile akarudi kwaya.

Mimi ni mtu wa kuota ndoto mchana. Nikadhani dunia imejifunza. Tajiri wa magari alikuwa ameniachia kibarua kimoja, kuyawasha mara moja kwa wiki ili betri zisife. Nikawaita vijana wa bodaboda, tukayasukuma moja moja hadi ukuta wa mbali na dirisha letu, ndipo nikayawasha. Walinicheka sana: "Jamaa anapeleka magari matembezi!"

Kisha wageni wakarudi. Nilifurahi, nisidanganye, ndizi zilikuwa zimenichosha. Tajiri akaagiza magari yapangwe tena langoni, yaani dirishani kwetu. Nikamfuata.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mbona bado yako kule?"

"Naomba tuwe tunayapasha moto kule kule. Mama kifua kinambana."

"Kwani mama yako ndiye anayepanda mlima?"

Madereva wakaangua kicheko. Si mtu mbaya yule. Miezi ya njaa alituletea unga. "Kule kuna matope," akaongeza kwa upole. "Mgeni atachafua viatu."

Viatu! Viatu vya kupandia mlima!

Nikaingia ndani kumwambia mama naacha kazi. Alishasikia kila kitu.

"Ukiacha, dawa ya kupuliza utanunua na nini?"

"Kwa hiyo nikuzibe pumzi ili nikununulie dawa ya pumzi?"

Alikuwa anaziba nyufa za dirisha kwa kanga kuukuu. "Nenda kazini, mwanangu," akasema. "Wenzangu wa kwaya wakija kunipitia, waambie wasinisubiri."

Alfajiri iliyofuata niliyawasha mimi mwenyewe pale langoni, la kwanza hadi la mwisho. Nilimsikia akikohoa ng'ambo ya ukuta. Mgeni mmoja, mzee mwenye uso wa huruma, akavuta pumzi ndefu akitazama juu mlimani, akaniambia kwa Kiswahili cha kuungaunga kwamba hewa ya huku ni nzuri sana.

Nikamwambia karibu, nikamfungulia mlango wa gari.