Mtu wa Familia

Mume wa fundi cherehani alikuwa hodari wa kusema kuliko kutenda. Mtaani walimwita Kipaza, kwa kuwa hata salamu aliitoa kama anayehutubia. Chama chake kilikuwa na wimbo mmoja tu: nyumba zilizotulia ni zetu, zilizovunjika ni za wapinzani. Kipaza akaushika. Kila akipanda jukwaani aliwasimanga wanawake wa mtaa wa chini, walioachika na wanaolea peke yao, kwamba hawana waume wa kuwatuliza, ndiyo maana kura zao zinakwenda ovyo.

Na huko huko mtaa wa chini ndiko alikokuwa akilala. Alihamia kwa msusi, akamwachia mkewe watoto wawili na cherehani.

Chama kilipotangaza kuwatembelea majumbani wanaotaka udiwani, Kipaza alirudi na sanduku lake, uso mkavu.

"Mama watoto, nimerudi nyumbani."

"Umerudi, au umetumwa?" fundi akauliza, mguu ukiwa bado kwenye pedeli.

"Siku chache tu, mpaka chama kinipitishe."

Hakumfukuza. Alitaka kuona mtu mzima anafika wapi kwa uongo.

Wageni wakaja, wakiongozwa na mama mwenyekiti wa akina mama wa chama. Kipaza akamshika mkewe bega, akajigamba kwamba katika nyumba ile hata chai huipika yeye. Akainuka kufuata vikombe. Kufungua kabati, vikamporomokea vitambaa vya wateja, gauni la harusi likamkaa shingoni. Akafungua la pili: viatu vya watoto.

"Vikombe vilihama," fundi akasema. "Vilihama baada ya yeye kuhama."

Mama mwenyekiti akakohoa. "Mwenzangu, ya ndani ni ya ndani. Simama naye tu tupige picha."

"Nisimame naye? Nimesimama peke yangu muda wote huu, miguu inaniuma."

Wakapiga picha bila fundi, Kipaza katikati ya watoto waliomkodolea macho kama mgeni aliyekosea mlango. Wageni waliona, walisikia, na wakampitisha vile vile.

Siku ya kura, fundi na msusi wakajikuta kwenye foleni moja. Wakatazamana.

"Dada," msusi akanong'ona, "na wewe unampa?"

"Nimpe mara ngapi?"

Wakaangua kicheko mpaka msimamizi akawakemea.

Kipaza akashinda hata hivyo. Mtaa wa juu, wasiomjua zaidi ya ile picha, walimjazia kura; walau huyu, walisema, ni mtu wa familia.

Kipaza akabeba sanduku, akaenda kumsimulia msusi ushindi. Msusi hakufungua. Akarudi kwa mkewe, akakuta komeo.

"Mama watoto, sasa mimi ni diwani!"

"Kalale chamani," fundi akamjibu dirishani. "Wao ndio waliokuoa."

Akalala kwenye benchi la ofisi ya chama. Kesho yake akaapishwa, shati limekunjamana, akaishukuru familia yake kwa kusimama naye. Wakampigia makofi.