Fundi wa spika za masikioni aliyepoteza sauti nyembamba

Saa mbili asubuhi, chini ya ngazi za jengo la ghorofa tatu, mwanamume wa miaka hamsini na mbili ameinama juu ya meza isiyozidi upana wa mlango. Kwenye jicho la kulia amebana lenzi. Mkononi ana brashi laini, na kati ya vidole vyake kuna spika ya masikioni ndogo kama punje ya haragwe.

Anaigeuza mdomo chini kwanza, ndipo anaipiga brashi. "Ukiisafisha ikiwa imetazama juu, taka za sikio zinadondoka ndani," anasema bila kuinua kichwa. "Hapo umefukia kisima badala ya kukizibua."

Mteja wake, mwalimu wa muziki, anauliza: "Fundi, sasa inasikika vizuri?"

Fundi hajibu. Mwalimu anarudia swali, safari hii kwa sauti kubwa zaidi. Fundi anamwekea spika kiganjani.

"Hilo utaniambia wewe, dada yangu. Mimi kazi yangu inaishia hapo."

Mwaka mmoja uliopita asingethubutu kutoa jibu la namna hiyo. Kwa miaka kumi na minne mtaa mzima umekuwa ukimwita Fundi Sikio, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Watu walivuka mji kumletea spika za bei mbaya, zile ambazo mafundi wa simu huziogopa, kwa sababu alikuwa akizivaa, anafumba macho kidogo, kisha anataja ugonjwa wake kama tabibu.

Umahiri wake haukuwa wa masikio peke yake. Alisoma maandishi madogo ya kwenye maboksi mpaka akayaelewa, na akawaelewesha wengine kwa lugha ya barazani.

"Omu, kipimo cha ukinzani wa umeme, ni ukaidi wa spika," anaeleza. "Zikiwa nyingi, simu yako itahangaika kuisukuma. Hezi zinakwambia spika inashuka mpaka ngoma gani na inapanda mpaka filimbi gani. Boksi likisema ishirini hadi elfu ishirini, usiringe sana. Jiulize kwanza masikio yako yanafika wapi."

Hilo la mwisho alikuwa akiwaambia wateja kama mzaha. Wakicheka, naye anacheka.

Mzaha ulikwisha siku alipokuja mama mmoja mpiga chapa. Kazi ya mama huyo ni kusikiliza rekodi za mahakamani na kuziandika neno kwa neno. Spika yake ya kulia ilikuwa imefifia. Fundi akaibandua mpira, akauosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, akasafisha wavu, akavaa, akasikiliza.

"Imepona," akamwambia.

Baada ya siku tatu mama alirudi uso umekunjamana. Katika ushahidi mmoja alikuwa ameandika kwamba mtu "alifika mlangoni". Rekodi iliposikilizwa tena mbele ya hakimu, ikabainika shahidi alisema "alishika mlangoni". Kosa liligunduliwa kabla ya hukumu, lakini yeye aliandikiwa barua ya onyo, ya kwanza katika miaka ishirini na mmoja ya kazi.

"Nikamwambia, fundi, upande huu sauti za 'sh' na 's' hazipo. Mtu anaweza kufungwa kwa herufi moja," anakumbuka mama huyo, aliyepatikana ofisini kwake.

Fundi alikataa katakata. Aliivaa spika mara ya pili, ya tatu, akasema ni nzima kama yai. Walibishana mpaka wapita njia wakasimama. Ndipo yeye mwenyewe, akitaka kumaliza ubishi, akachomoa spika nyingine mpya kabisa aliyoifahamu vizuri. Akamwekea mama sikio moja, lingine akavaa yeye, na kwenye simu akawasha mlio wa kupimia unaopanda taratibu kutoka sauti nzito hadi nyembamba.

"Mlio ukipotea, inua mkono," walikubaliana.

Fundi aliinua mkono namba za hezi kwenye kioo cha simu zilipofika elfu tano. Mama alikuwa bado ametulia. Namba zikapita elfu saba, elfu tisa, elfu kumi na moja. Mkono wa mama ulikuwa bado mapajani.

Fundi akadhani upande wake una hitilafu. Wakabadilishana. Mkono wake ukapanda palepale.

"Nilimtazama yule mama akisikiliza kitu ambacho kwangu hakipo," anasema. "Hakunicheka. Hakunitukana. Nilitamani anitukane."

"Nilikwenda kumgombeza," anasema mpiga chapa, "nikarudi nimebeba huzuni yake."

Spika zake zilipelekwa kwa fundi mwingine, zikakutwa na ufa kwenye kiwambo cha ndani. Hajarudi tena chini ya ngazi zile, na fundi hamlaumu.

Fundi alipokwenda hospitalini kupimwa, mtaalamu wa masikio alimchorea mstari wa usikivu wake, unaoteremka kama paa la nyumba. Alimuuliza kazi zake za nyuma. Fundi akamtajia miaka kumi na mmoja katika karakana ya kukata vyuma bila kuvaa kinga yoyote, na miaka kumi na minne ya kujaribu spika kwa sauti ya juu, hadi thelathini kwa siku.

"Desibeli nilikuwa nazisoma kila siku," anasema, sauti ikishuka. "Mia na nane, mia na kumi. Nilikuwa najisifu: hii ina nguvu, hii inapiga. Sikuwahi kuisoma namba ile kama onyo. Ng'ombe nimemmaliza, nikashtukia mkiani."

Aliambiwa kilichokufa hakirudi.

Nyumbani habari hiyo haikuwa ngeni kama alivyodhani. Mkewe, mshonaji, anasema kwa miaka miwili alikuwa akimwita mumewe kutoka chumba cha pili bila kuitikiwa.

"Nilijua amenuna," anasema, mguu wake ukisimama juu ya kanyagio la cherehani. "Na mimi nikanuna. Tulikaa wiki nzima tunapishana kama wapangaji. Kumbe mwenzangu hanisikii, nami namlipizia kosa asilolijua. Hiyo nitaijutia."

Fundi alikaa siku tisa bila kufungua meza. Siku ya kumi alifungua, akawaambia wateja ukweli mmoja baada ya mwingine. Kabla ya hapo alikuwa akipokea watu kumi na watano kwa siku. Sasa wakizidi watano ameshukuru. Wengine humwonea huruma, kisha huondoka na spika zao mfukoni. Mchuuzi wa meza ya jirani alijaribu kumtania kwamba kinyozi naye anaweza kuwa na upara. Fundi alitabasamu, lakini anakiri utani ule alilala nao.

Anafanya anachokiweza: kusafisha, kuunga nyaya kwa solda, kubadilisha mipira, kufundisha watu wasitoboe wavu kwa sindano na wasizungushe waya kwenye simu kama kamba ya mbuzi. Kusikiliza amemwachia mwenye mali.

Katika safari yake ya tatu hospitalini aliona sanduku limejaa vifaa vya kusaidia kusikia, vimetupwa humo vibovu. Akaokota kimoja, akakigeuza mdomo chini.

"Hivi mnavitengenezea wapi?" aliuliza.

"Hatuvitengenezi," mtaalamu akajibu. "Hatuna mtu. Vikiharibika, mgonjwa anarudi kwenye ukimya wake."

Ndani ya kifaa kile alikuta spika ile ile aliyoishi nayo maisha yake, ndogo zaidi, imezibwa na taka zile zile. Aliomba apewe viwili akajaribu. Kimoja kiliamka. Kingine kilimfia mikononi, na hafichi kwamba kilikufa kwa haraka yake.

Wiki ijayo, Jumatatu, ataanza kujifunza undani wa vifaa hivyo pale hospitalini, siku mbili kwa wiki, bila mshahara. Kupima sauti ya kifaa kutafanywa na mashine, mchoro utaonekana kwenye kioo, wala hatahitaji kubahatisha. Siku moja, anasema, angependa kutengeneza jozi ya kumtosha mwenyewe, ingawa ameshaelezwa kwamba haitamrudishia yote.

Anaogopa? Anavua lenzi, anaifuta kwa ncha ya shati.

"Naogopa nitaulizwa jambo kutoka nyuma, nikae kimya, waseme huyu mzee ana kiburi," anasema. "Kwa hiyo nitawaambia siku ya kwanza, kabla sijakaa kitini: mkinihitaji, niguseni bega."