Sala ya Marehemu Kando ya Kitanda

Jumatano iliyopita jumuiya yetu, hapa Uriri, ilikwenda kusali kwa bibi mmoja mgonjwa. Alikuwa kitandani tangu mavuno, na zamu ya kusali nyumbani kwake tulikuwa tukiiruka kwa sababu hana wa kutuchemshia chai.

Tulipiga magoti kuzunguka kitanda. Katekista, mtu mpole aliyekuwa ametoka kuongoza mazishi matatu mfululizo, akafumba macho na kuanza kwa sauti nzito: “Raha ya milele umpe, ee Bwana.”

Nasi tukaitikia sote, bila kufikiri: “Na mwanga wa milele umwangazie.”

Mwenyekiti wetu alijiziba mdomo kwa leso.

Bibi aliinua mkono wenye rozari. “Mwalimu, bado niko.”

“Nisamehe, dani,” katekista alisema, akimwita bibi kwa Kijaluo.

“Maliza tu, mwanangu. Siku yenyewe sitawasikia.”

Simlaumu katekista. Sala ile ndiyo iliyozoeleka vinywani mwetu, kwa kuwa nyumbani kwa mtu huwa tunajaa akishakufa. Jumatano hii tunarudi kwa bibi. Chai tutabeba wenyewe.