Bibi Aliyetiliwa Sumu kwenye Chai

Tangu nilipofiwa na mama wa watoto wangu, mgeni wangu alikuwa mmoja tu, tena wa Jumamosi mchana: jirani wa ghorofa ya chini, Mtanzania, mzee wa msikitini. Mimi ni mzee wa kanisa kutoka Kivu. Hapa Fittja, mtaa huu wa ugenini Ulaya, Kiswahili ndicho kilichotukutanisha, na namshukuru Mungu kwa hilo.

Tulisikiliza michezo ya redio ya zamani, ile iliyotungwa kutokana na mauaji ya kweli. Binti yangu aliniwekea kwenye simu. Ni ya Kiingereza, ya enzi za utoto wetu, na sauti zake zinakwaruza. Kiingereza nilikiokota ukimbizini Uganda, kwa hiyo nilikuwa nasimamisha, nafasiri, tunaendelea.

Jumamosi moja mtuhumiwa alikuwa akiungama kwa polisi. Humo mchezoni kijiko kiligonga kikombe, ting, ting.

"Anasema, bibi alinichosha na maneno yake," nikafasiri. "Nikamtilia sumu kwenye chai."

Jirani akaweka kikombe chake chini. "Bibi?"

"Ndiyo, bibi yake mwenyewe. Na sikia, anacheka."

Akavaa koti, akatoka bila kuaga.

Jumamosi iliyofuata hakuja, wala ile nyingine. Niliandaa vikombe viwili, nikakaa nikisikiliza lifti ikipita. Je, chai yangu imemtia hofu? Au nimegusa dini yake? Nilikaa, nikasimama, nikachungulia dirishani. Hata sala zilinikatikia njiani; nikifika Amina, sikumbuki nilichoomba.

Mwishowe nikamkuta kwenye chumba cha kufulia cha jengo letu, akitoa mashuka.

"Shehe, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Ila mambo yale siyawezi. Mama alifariki akinizaa, nikalelewa na bibi. Mtu anaua bibi kizee, nawe unasoma tu kama taarifa ya habari!"

"Kizee wapi? Alikuwa kijana. Walikuwa wameoana juzi juzi."

Akanikazia macho. "Ameoana na bibi yake?"

"Bibi si ndiye mke? Mama wa mama sisi tunamwita koko."

Akaegemea mashine, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa foronya. "Haki ya Mungu, Wakongo mnaoa bibi zenu!"

"Na wewe ulikimbia chai yangu kwa neno moja!"

Nami nikacheka. Kisha akaanza kukunja shuka.

"Lakini yule aliuawa kweli? Si mchezo tu?"

"Kweli. Wanasema mwanzoni kabisa."

"Basi hata akiwa mke, inauma."

"Hata akiwa mke," nikasema, nikimkumbuka wangu, niliyemwita bibi maisha yetu yote.

Jumamosi kengele ikalia. Kabla sijagusa simu, alinyanyua viganja, nami nikafumba macho. Kila mmoja kwa njia yake, tulimkumbuka mwanamke ambaye mchezo haukutaja hata jina lake.

Kisha akasogeza kikombe. "Mimina, mzee mwenzangu. Na leo fasiri vizuri."