Bata wa Sufi

Siku ile, mwanangu Huseini, naikumbuka kwanza kwa harufu. Mafuta ya bata yakikaa juani yananuka mpaka unatamani ukate pua. Nilikuwa nimekaa uani kwa mjomba wangu Selemani, nakwangua ngozi kwa kijiko, wewe na pacha wako Hasani mnatambaa mkekani, na nilikuwa na hasira. Nimemaliza kidato cha nne, nimerudi kwetu huku njia ya Njinjo nikaolewa, halafu kazi ninayopewa na kijiji ni kuipamba mizoga.

Nikueleze vizuri, usije ukadhani mama yako alikuwa mchawi. Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa tuliahidiwa maji. Tukachimba bwawa kwa majembe, mvua ikalijaza, maji yakatuama, yakafanya utando wa kijani. Tukaletewa bata wa mradi, tukawatia humo. Wakafa wote, mmoja baada ya mwingine, shingo zimelala juu ya maji. Na kwa kuwa hawakuchinjwa, nani awaguse? Wazee wakasema mizoga ile ni haramu, kafukieni. Ndivyo tulivyolelewa na silaumu. Ila ndiyo maana hakuna aliyewafungua akaona walikufa na nini.

Isipokuwa mjomba. Enzi za Waingereza alimtumikia Mzungu mmoja mkusanyaji wa ndege, akajifunza kwake kumfanya ndege aliyekufa aonekane yu hai. Alikuwa hodari, sitamnyima sifa yake. Bata ana kichwa kinene kuliko shingo, ngozi haipiti. Mjomba alipasua kidogo kisogoni, akatoa fuvu, akashona pasionekane. Ngozi tuliisugua kwa shabu ikauke isioze, tukapitisha waya shingoni, tukajaza sufi. Macho yalikuwa shanga nyeusi. Mdomo wa bata hupauka ukikauka, kwa hiyo aliupaka rangi upya, taratibu, kwa unyoya. Akaniambia bata mwenye hofu hunyoosha shingo, aliyetulia huivuta ndani. Basi wote tukawavuta shingo, watulie.

Aliyetaka watulie ni Mwenyekiti wa kijiji. Mgeni wa idara ya maji alikuwa anakuja kuchagua kijiji kitakachochimbiwa kisima cha pampu, na Mwenyekiti aliogopa kuulizwa bata wa umma wako wapi.

"Wakae bwawani," alisema. "Mgeni atatazama kutoka ukingoni. Hawezi kujitosa na viatu vyake."

Lakini mimi nilishaona ndani ya bata wale. Ini limevimba, jeusi, linapasuka ukiligusa. Kila niliyemfungua, ini ni lile lile. Na nyinyi wanangu mlikuwa mnaharisha, Hasani zaidi.

"Mjomba, ni maji haya," nilimwambia.

"Najua."

"Sasa mbona hatusemi?"

"Sisi kazi yetu ngozi, mama. Matumbo kafukie."

Hakuniangalia. Alikuwa anapuliza manyoya ya kifua yalale vizuri.

Siku ya mgeni nilikubeba wewe mgongoni. Hasani nilimwacha kwa bibi yako, hana nguvu hata ya kulia. Bata walikuwa wamekalishwa juu ya vibao vya msufi, upepo unawasogeza, wallahi ungeapa wanaogelea. Mgeni akasimama ukingoni, mikono kiunoni.

"Wametulia kweli bata wenu."

"Wamehudhuria darasa la siasa hao," akasema Bi Mwanahawa, jirani yetu, na wanawake wakacheka ndani ya kanga zao.

"Basi hapa maji mnayo," mgeni akasema, na akageuka kulielekea gari.

Kusikia hivyo nikaingia majini. Na nguo zangu, na wewe mgongoni. Mwenyekiti akapiga kelele, "Wewe binti, toka humo! Hivi nyinyi mliosoma mna nini?" Nikamkamata bata wa kwanza, nikatoka naye, nikampindua mbele ya mgeni, kibao kikaonekana na ncha ya waya.

"Ndugu mgeni, hawa wamekufa wote. Wamekufa kwa maji haya haya tunayowapa watoto. Maini yao nimeyashika kwa mkono huu. Mwanangu yuko nyumbani anakufa."

Mgeni akanipokea yule bata. Akapapasa manyoya, akapapasa kisogo, akautafuta mshono akaukosa. Uso ukamng'aa kama mtoto aliyepewa mwanasesere.

"Fundi ni nani?"

Mjomba akajitokeza, amevua kofia.

"Mzee, una mkono wewe! Watu wa namna hii ndio taifa linawatafuta."

"Ahsante, ndugu mgeni," akasema mjomba.

Na Mwenyekiti, bila hata kumeza mate: "Huo ndio mradi wetu wa kazi za mikono."

Bata wawili wakapakiwa garini, zawadi. Kisima kikaenda kwa wenzetu wa kijiji kingine. Kwetu, baada ya muda, likaja lori, watu wakalikimbilia wakidhani limebeba mabomba. Lilibeba magunia ya sufi, waya na sindano. Tulikuwa tumeshamzika Hasani. Kwa nini yeye na si wewe, sijui, na sitaki mtu anieleze. Mjomba alishona bata mpaka macho yakamwishia, na mpaka anakata roho alisema mgeni yule alikuwa mtu mwema. Nilimuuguza, nilimwosha miguu. Kumsamehe sikumsamehe.

Sasa nisikilize, na usiseme mama anafoka tu. Ukiwa fundi wa kitu chochote, uliza kazi yako itawekwa wapi, na atakayeitazama ataamini nini. Ukiambiwa sehemu fulani haikuhusu, hiyo ndiyo uitazame kwa macho mawili. Uliloliona liseme, wakikucheka lirudie, hata kama umelowa mbele za watu na mtoto analia mgongoni. Na wakikusifia mkono wako badala ya kukujibu, usiseme ahsante. Baki umesimama hapo hapo, uliza tena, mpaka wachoke wao.

Mwenyezi Mungu akulinde, Huseini wangu. Akupe ulimi usiotishika na maji yasiyokudhuru, akupe umri wako, na juu yake akuongezee ule alioukosa mwenzio. Amin.